Bekoni niliyoikata na bekoni niliyoila

Kila familia mpya inapofika katika mji wetu hapa Iowa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hazipiti wiki nyingi kabla baba au kijana wa nyumba hiyo hajaniuliza habari za kazi katika kiwanda cha nguruwe, na haupiti muda mrefu baada ya hapo kabla mama wa nyumba hajaniuliza namna ya kupika ile nyama nyembamba yenye mistari ya mafuta ambayo Wamarekani hula asubuhi pamoja na mayai, yaani bekoni. Nimeyajibu maswali hayo sebuleni kwa watu, kanisani na kwenye maegesho ya magari, na kila mara nikifika nyumbani nakumbuka jambo nililolisahau. Nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, kwa sababu nilifanya kazi ya kutengeneza bekoni kwa miaka kadhaa, nikaila kwa miaka hiyohiyo kama watu wanavyokula mkate, na hatimaye daktari akanieleza kwamba presha yangu imefika kiwango cha kuanzishiwa dawa.

Kwanza ieleweke kwa nini wengi wetu tunaishia huku. Iowa ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa nguruwe: wakazi wake ni kama milioni 3, na nguruwe wake ni zaidi ya milioni 20. Viwanda vya kuchinja na kusindika vinahitaji mikono usiku na mchana, havidai cheti cha shule wala Kiingereza kingi, na mshahara wa saa moja huzidi ule wa kutandika vitanda hotelini. Ndiyo maana ukiingia katika kantini ya kiwanda wakati wa mapumziko utasikia Kiswahili cha Fizi, cha Uvira, cha Bujumbura na cha Kigoma, kikichanganyika na Kihispania na Kibosnia.

Mimi niliwekwa upande wa bekoni, si upande wa kuchinja, na wenzangu wakaniona mwenye bahati kwa kuwa upande huo hauna damu. Hauna damu, ni kweli, lakini una baridi ya friji kutwa nzima na kelele za mashine zinazokulazimisha kuziba masikio. Bekoni ya Marekani hutoka kwenye tumbo la nguruwe, na kila nguruwe hutoa matumbo mawili, yaani nusu ya kulia na nusu ya kushoto, ambayo hutufikia yakiwa mabamba mazito yaliyokwisha kuchunwa ngozi. Bamba hupita chini ya mashine yenye sindano nyingi zinazoshuka kwa pamoja na kudunga ndani ya nyama maji yaliyochanganywa chumvi, sukari, nitriti ya sodiamu na dawa nyingine za kuhifadhi, na ukiwa karibu unaliona likitutumka na kuanza kuvuja pembeni. Kisha hutundikwa kwenye vitana vya chuma, huingizwa katika chumba cha moshi kwa saa kadhaa, hutoka likiwa na rangi ya kahawia juu na waridi ndani, hupozwa mpaka likawa gumu, hugandamizwa liwe na umbo la tofali, na mwishowe huingia kwenye kisu cha mashine kinachozunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu.

Kazi yangu ilikuwa baada ya kisu. Vipande vilinijia kwenye mkanda vikiwa vimelaliana kama vigae vya paa, nami nilitakiwa kuvinyoosha, kuondoa vilivyochanika au vilivyo mafuta matupu, na kuviacha viende kwenye mizani kabla pakiti haijafungwa. Maelezo hayo yanatosha kumfanya mtu adhani ni kazi nyepesi. Ugumu wake ni kwamba unarudia mwendo uleule wa kifundo cha mkono tangu zamu inapoanza mpaka inapokwisha, ukisimama mahali pamoja, juu ya sakafu yenye maji na mafuta. Baada ya miezi michache nilikuwa naamka mchana vidole vikiwa vimejikunja na havifunguki mpaka nivitumbukize katika maji ya moto, na wakati huo nilikuwa nadhani hiyo ndiyo ada ya kazi ambayo kila mwanamume huilipa kimya.

Hapa ndipo ninapowaomba ndugu zangu wasikilize kwa makini. Maumivu ya aina hiyo ni jeraha la kazi, na katika jimbo la Iowa mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri wake ndani ya siku 90, la sivyo anaweza kupoteza haki ya kufidiwa na kutibiwa. Usiishie kumnong'oneza msimamizi wa laini. Nenda kwa muuguzi wa kiwanda, hakikisha maelezo yako yameandikwa pamoja na tarehe, na uombe nakala. Ukiambiwa utie saini karatasi ambayo hujaielewa, omba isomwe kwa Kiswahili kwanza. Upande wa mavazi, vaa glovu za pamba ndani ya zile za mpira, badilisha soksi wakati wa mapumziko makubwa, na usinunue buti kwa kuangalia bei peke yake, kwa sababu buti rahisi huteleza kwenye mafuta na gharama ya kuanguka huijui.

Nigusie pia jambo la dini, ambalo waajiri hawaliulizi na sisi huona haya kulitaja. Kwenye laini yangu alikuwapo mama mmoja Mwislamu aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mtu wa makamo, ambaye tulikuwa tukimwita Mama Mkubwa. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu, naishika kwa glovu mbili na nikirudi nyumbani naoga kabla sijawagusa wajukuu, lakini moyo hautulii." Alikaa hivyo muda mrefu kwa kuwa hakujua kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri wa Marekani ayazingatie maombi ya dini ya mfanyakazi, maadamu hayamletei mwajiri mzigo mkubwa. Alipoombewa na mkalimani, alihamishiwa kwenye chumba cha kukunja maboksi. Wasabato wanaotaka Jumamosi yao nao waseme mapema, ikiwezekana siku ya kuajiriwa, kwa maandishi.

Sasa nije kwenye kula, kwa sababu ndiko nilikoumia zaidi.

Kiwanda chetu kilikuwa na duka dogo la wafanyakazi ambako ncha na vipande visivyolingana, ambavyo haviwezi kuwekwa katika pakiti za dukani, viliuzwa katika maboksi kwa bei ya chini sana. Kwa familia iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba, mkopo wa gari na bado inatakiwa kutuma pesa kwa bibi aliyebaki kambini, nyama ya bei hiyo ilikuwa neema. Nilikuwa natoka zamu ya usiku alfajiri, nakaanga bekoni watoto wakijiandaa kwenda shule, na nyumba nzima inanukia kiasi kwamba jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akitutania kwenye ngazi. Watoto waliipenda kuliko chakula kingine chochote, kwa maana iliwafanya wajione wanakula kama wenzao wa shuleni. Mama watoto ndiye aliyekuwa na mashaka tangu mwanzo. Alizoea sombe, yaani majani ya muhogo, na ndagala, yaani dagaa, wa ziwa Tanganyika, naye alikuwa akisema kwamba nyama isiyooza hata ukiisahau kwenye friji ina jambo. Nikamjibu kwamba Wamarekani wameila tangu enzi za babu zao na wanaishi miaka mingi kuliko sisi.

Jibu hilo lilianza kunitoka akilini katika darasa la Kiingereza la jioni. Mwalimu wetu, alipogundua kwamba nusu ya darasa tunafanya kazi katika viwanda vya nyama, alituletea habari ya kusoma kuhusu Edward Bernays, bingwa wa matangazo na mpwa wa Sigmund Freud, ambaye katika miaka ya 1920 aliajiriwa na kampuni ya Beech-Nut iliyokuwa ikiuza bekoni na kutaka mauzo yaongezeke. Wamarekani wengi wa mjini wakati huo walikuwa wakifungua kinywa kwa kahawa, mkate mdogo na labda maji ya machungwa. Bernays hakuisifia bekoni waziwazi. Alimwuliza daktari kama kifungua kinywa kizito si bora kuliko chepesi, daktari akakubali, kisha swali lilelile likatumwa kwa madaktari wapatao 5,000. Kwa maelezo ya Bernays mwenyewe, kama 4,500 walijibu kwamba kizito ni bora. Magazeti yakaandika kwamba madaktari wanapendekeza kifungua kinywa kizito, na bekoni na mayai vikatajwa kuwa mfano wake. Ukitazama vizuri utaona kwamba madaktari hawakuulizwa habari za bekoni hata kidogo. Sisemi kwamba mtu mmoja ndiye aliyeileta mezani, maana wakulima wa nchi hii walikuwa wakiweka nyama ya nguruwe katika chumvi tangu zamani kwa kuwa hawakuwa na friji, lakini ile sura ya bekoni na mayai kama desturi isiyogusika ilipakwa rangi na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo.

Mwalimu aliongeza historia ya karibu zaidi, ambayo mwisho wake mimi niliuona kwa macho. Katika miaka ya 1980 Wamarekani waliingiwa na hofu ya mafuta, na wafugaji wa nguruwe mwaka 1987 wakaanzisha kampeni kubwa ya kuitangaza nyama yao kuwa nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi. Kampeni hiyo ilifaa kiuno na paja, lakini tumbo lilikosa mwenyewe. Suluhisho lililopatikana katika miaka ya 1990 lilikuwa kuwashawishi wenye migahawa ya vyakula vya haraka waweke bekoni juu ya hambaga, na baadaye lishe za kukwepa wanga zikaja kuipa kibali kingine. Kufikia miaka ya 2000 mwishoni, bekoni ilikuwa imegeuka mzaha na ibada kwa wakati mmoja: mishumaa yenye harufu ya bekoni, chokoleti yenye bekoni, na lile furushi la soseji lililosukwa kwa bekoni ambalo wachomaji wawili wa Kansas City walilipa umaarufu kwenye intaneti mwaka 2008. Hata soko la bidhaa la Chicago lilikuwa likiuza mikataba ya kununua baadaye matumbo ya nguruwe yaliyogandishwa tangu mwaka 1961, na biashara hiyo ilifungwa mwaka 2011, baada ya bekoni kuacha kuwa kitu cha msimu na kuliwa mwaka mzima.

Mji wa Des Moines, makao makuu ya jimbo letu, ulianzisha tamasha la bekoni mwaka huohuo wa 2008, na mwaka mmoja msimamizi wangu alinichukua kwenda kulitazama. Ukumbi ulijaa watu wazima waliovaa mavazi ya vipande vya bekoni toka kichwani hadi miguuni, foleni zikiwa ndefu mbele ya aiskrimu ya bekoni na donati za bekoni, na jukwaani watu wakishindana kula. Nilicheka sana siku ile. Hata hivyo niliona tofauti moja ambayo nimeendelea kuitafakari: wale waliokuwa wakishangilia walikuwa wakiila siku ile kama mchezo, kisha wengi wao, kama msimamizi wangu alivyonieleza tukiwa garini, nyumbani hula uji wa shayiri kwa sababu madaktari wao walishawaonya. Sisi wageni tuliichukua sherehe yao tukaifanya chakula cha kila siku.

Niligundua hali yangu kwa bahati. Kiwanda kilileta wauguzi wa kupima afya bila malipo, na mashine ya presha ikasoma 162 kwa 101. Muuguzi alinipumzisha, akapima tena, hesabu ikashuka kidogo tu. Sikuwa na maumivu ya kichwa wala kizunguzungu, na ndiyo maana nawasihi watu wa nyumbani wasingoje dalili. Wiki iliyofuata nilikwenda kliniki. Bima ya kazini nilikuwa nayo, lakini sikujua kwamba kabla bima haijaanza kulipa sehemu yake nilitakiwa kulipa kiasi fulani kutoka mfukoni, kwa hiyo vipimo vya damu, vya mkojo na vya moyo vililetewa bili iliyozidi dola 400. Tuliilipa kwa awamu. Mtu akikupa bili ya namna hiyo, piga simu ofisi ya malipo uombe mpango wa awamu au punguzo la wenye kipato kidogo. Hospitali nyingi zina mpango huo lakini hazikutangazii. Na mkalimani ni haki yako bila malipo katika hospitali inayopokea fedha za serikali kuu. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita kutafsiri habari za presha.

Daktari aliniuliza ninakula nini, nami nikamtajia wali, maharagwe, sombe, samaki. Mkalimani, mama wa Kigoma mwenye busara zake, akaniambia kwa Kiswahili kabla hajatafsiri, "Baba, na asubuhi je?" Nilipotaja bekoni na wingi wake, daktari aliacha kuandika. Hakunikemea. Aliniomba nikirudi nimletee pakiti.

Tulikaa na pakiti ile juu ya meza, na kilichofuata ndicho somo lenye faida kubwa kuliko yote niliyopata katika nchi hii. Upande wa nyuma kuna jedwali la virutubisho, na mstari wa kwanza wa kusoma si kalori bali kipimo cha mlo mmoja. Pakiti ilisema mlo mmoja ni vipande viwili vilivyokaangwa, na vipande hivyo viwili vina sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi, miligramu 350. Mimi nilikuwa nakula vipande sita, na siku nyingine zaidi, yaani miligramu 1,050 kabla jua halijapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai. Nusu ya haki yangu ya siku nzima ilikuwa imekwisha, na bado mama watoto hajatia chumvi kwenye maharagwe. Mtu aliyekulia karibu na Uvinza, penye machimbo ya chumvi, anajua chumvi ni kitu cha thamani, lakini huko kwetu tuliiona kwa macho ikiingia sufuriani. Hapa inaingia kwa sindano usiku, kiwandani, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama karibu ikiingia.

Jambo la pili alilonieleza lilikuwa saratani. Mwezi Oktoba mwaka 2015, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliweka nyama zote za kusindikwa, zikiwamo bekoni, soseji na paja la nguruwe la kusindikwa (ham), katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku imo katika kundi hilo pia, na watu wengi walisikia hivyo wakadhani kipande cha bekoni ni sawa na sigara. Sivyo. Kundi linaonyesha jinsi ushahidi ulivyo thabiti, halionyeshi ukubwa wa hatari. Hatari yenyewe ilikadiriwa hivi: kula gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Marekani, karibu watu 4 kati ya 100 hupata saratani hiyo maishani. Ongezeko la asilimia 18 linaipandisha idadi hiyo kukaribia 5. Si jambo la kumtia mtu kiwewe kwa kipande alichokula harusini, na si jambo la kudharau kwa anayekula kila asubuhi kwa miaka.

Nitriti, ile dawa iliyokuwa kwenye maji ya sindano, ina kazi mbili: inaipa nyama rangi ya waridi na inazuia vijidudu vinavyotoa sumu kali ya botulini. Sheria ya Marekani huweka kipimo chake katika bekoni ya kudungwa kuwa miligramu 120 kwa kila kilo ya nyama, na inaamuru iongezwe dawa nyingine ya kupunguza kemikali mbaya zinazojitokeza wakati wa kukaanga kwa moto mkali. Kwa hiyo usiichome mpaka ikawa nyeusi. Na usidanganywe na pakiti ghali zilizoandikwa "uncured", ambazo dada mmoja wa kanisani alikuwa akizinunua kwa karibu mara mbili ya bei akidhani hazina nitriti. Soma maandishi madogo chini yake: aghalabu wametumia unga wa seleri, mboga yenye naitreti nyingi ambazo hugeuzwa kuwa nitriti ileile. Bekoni ya bata mzinga nayo ina mafuta machache, lakini ni nyama ya kusindikwa vilevile na chumvi yake mara nyingi hailingani na sifa zake.

Ndugu yangu aliyepelekwa Leeds, Uingereza, aliposikia habari hizi alinipigia simu kuniuliza kama zinamhusu. Bekoni ya huko kwa kawaida hukatwa mgongoni, ina mnofu zaidi na mafuta kidogo, lakini kila kipande ni kizito kuliko cha kwetu, hivyo viwili vinaweza kufika zile gramu 50. Waingereza wameizoea kiasi kwamba ilikuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza kugawiwa kwa mgao wakati wa vita, Januari 1940, na mgao wa nyama haukukoma mpaka Julai 1954. Serikali yao sasa inawashauri wanaozidisha gramu 90 za nyama nyekundu na ya kusindikwa kwa siku washuke hadi 70. Aliye huko aangalie pia kwamba lebo zao huandika chumvi kwa gramu, si sodiamu. Gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi, na asipojua hesabu hiyo atalinganisha visivyolingana.

Kwa wale wasiokula nguruwe kabisa, tahadhari yangu ni kwamba katika nchi hii bekoni haikai kifungua kinywani peke yake. Maharagwe ya kopo yenye rojo tamu mara nyingi yana kipande chake ndani, mboga za majani za mikahawa ya kusini hupikwa nayo, supu ya viazi hunyunyiziwa juu, na saladi ambayo mtu angeiamini huja na punje zake. Kichekesho ni kwamba baadhi ya punje za chupa zinazouzwa madukani ni soya tupu zisizo na nyama. Uliza kabla ya kuagiza, na shuleni waandikie walimu, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hatauliza.

Nilitaka kuiacha kabisa, nikaiacha kwa muda, nikawa mtu mwenye hasira asubuhi na mwenye kununua soseji kwa siri, ambazo zina chumvi ileile. Kilichotusaidia kilitoka kwa mama watoto. Alichukua vipande viwili, akavikatakata vidogo, akavianzisha katika sufuria baridi juu ya moto mdogo mpaka mafuta yakatoka, akaondoa sehemu kubwa ya mafuta, kisha akaweka vitunguu na sombe humo bila kuongeza chumvi hata punje. Familia nzima ilikula, ikapata ule moshi ambao nyumbani tulikuwa tukiupata kwa samaki mkavu. Sasa ndivyo tunavyoitumia, katika sombe, maharagwe au kabichi, na vipande vizima vya kukaanga ni vya siku za sikukuu. Pamoja na vidonge, matembezi na kupunguza vyakula vya kopo, presha yangu ilishuka ndani ya miezi michache. Siwezi kusema ni sehemu gani ilitokana na bekoni, na daktari naye hakudai kujua.

Nyongeza kwa atakayenunua. Bekoni ya pakiti haijaiva, hata kama moshi umeipa rangi ya kitu kilichopikwa, kwa hiyo isiliwe mbichi kama watoto wangu walivyojaribu mwanzoni. Geuza pakiti: sheria inataka pawe na dirisha linaloonyesha angalau asilimia 70 ya urefu wa kipande, na humo ndimo utakapoona kama umeuziwa mnofu au mafuta. Sheria inataka pia bamba lililo tayari kukatwa lisizidi uzito wa nyama ilivyokuwa kabla ya kudungwa, kwa hiyo hulipii maji mengi kama watu wanavyodhani; unalipia mafuta ambayo yatabaki kwenye kikaango. Ukizikaanga nyingi, tumia oveni, kwenye trei yenye karatasi, nyuzi 200 za Selsiasi, yaani kama 400 za Farenhaiti katika oveni za huku, kwa dakika 15 hadi 20. Mafuta yamiminwe kwenye kopo, kamwe yasimwagwe kwenye sinki, maana fundi wa bomba anatoza pesa nyingi kuliko boksi zima la ncha. Pakiti iliyofunguliwa ikae kwenye friji isizidi wiki moja. Sisi tunaigawanya viwiliviwili katika vifuko na kuigandisha, na tunaimaliza ndani ya mwezi, kwa sababu baada ya hapo mafuta yake huanza kuchacha hata yakiwa yameganda. Kadi ya msaada wa chakula inakubali kuinunua. Katika ule mpango wa akina mama wajawazito na watoto wadogo (WIC) bekoni haimo, hivyo msigombane na mtu wa kaunta.

Laini ya bekoni niliiacha mkono ulipokataa, na sasa ninaendesha foklifti katika ghala la kiwanda kilekile. Duka la ncha bado lipo. Nikiwaona vijana wapya wakitoka nalo boksi begani siwazuii, kwa kuwa najua bili zinazowangoja nyumbani. Ninawauliza tu wako wangapi nyumbani, na boksi hilo wanatarajia likae muda gani.